Mizani Iliponyamaza

Kwa miezi 11 niliamka, nikaenda msalani, kisha nikapanda juu ya mizani kabla hata ya kunywa maji. Nilitoka kilo 78 hadi 65, na muda wote huo mizani ilikuwa shoga yangu: kila baada ya wiki mbili tatu ilinipa habari njema, nami nikaenda kazini nikitabasamu peke yangu. Kisha nikafika. Urefu wangu ni sentimita 165, kwa hiyo kilo 65 ni uzito unaonifaa, na muuguzi aliyekuwa akinipima presha aliniambia, "Sasa dada, usipungue tena. Hapo hapo patunze."

Hakuniambia panatunzwaje.

Asubuhi iliyofuata mizani ikasema 65.1. Kesho yake 64.7. Halafu 65.3. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, namba inachezacheza palepale. Bado nilikuwa natoka jasho siku nne kwa wiki, bado nilikuwa nachunga sahani yangu, lakini hakuna aliyeniambia hongera. Unapopunguza uzito, mizani na mazoezi huzungumza lugha moja. Ukishafika, mizani kazi yake ni kukaa kimya, na kimya chake mimi nilikisikia kama lawama.

Ndipo nilipofanya makosa mawili, moja baada ya jingine.

La kwanza lilianza asubuhi ya baada ya sherehe. Mizani ilisoma 66.6. Kilo moja na nusu na ushee kwa usiku mmoja! Siku hiyo sikula mpaka jioni, nikakimbia mara mbili ya kawaida yangu, nikamalizia na kurukaruka mpaka mwanga ukaanza kunipungua machoni. Mizani ilirudi 65.2 baada ya siku tatu, nikaamini ni kazi yangu. Goti langu la kulia halikuamini hivyo. Nilichechemea wiki tatu, na wiki tatu hizo sikufanya zoezi lolote la maana.

La pili lilikuwa kinyume chake. Nikasema basi, namba zinanitia wazimu, mwili unajijua wenyewe. Mizani nikaisukuma chini ya kitanda. Nilijisikia huru kwelikweli kwa miezi mitatu na nusu, mpaka asubuhi moja suruali ya kazini ilipokataa kufunga kifungo. Nikaivuta mizani, nikaifuta vumbi: 68.9. Sikuweza kukumbuka hata siku moja niliyokula kupita kiasi. Kulikuwa na kijiko cha hiki wakati wa kupika, nusu ya kile kilichobakizwa na mtoto, kipande kwa mwenzangu ofisini. Wahenga walisema kuchovya chovya humaliza buyu la asali. Kwangu hakikuisha kitu, kiliongezeka.

Baada ya hapo ndipo nilipojishughulisha kuelewa namba ile inaundwa na nini. Ilipaswa kuwa hatua ya kwanza, lakini nani hununua mizani akasoma kwanza?

Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Kwa hiyo ili ninenepe kilo 1.6 za mafuta kwa usiku ule wa sherehe, ningepaswa kula zaidi ya kalori 12,000 juu ya mahitaji yangu ya siku, yaani chakula cha siku sita hivi, nikimeze kwa mkao mmoja. Nilikula vizuri, lakini si hivyo. Kilichopanda kilikuwa maji. Sehemu ya wanga tunaokula huwekwa akiba kwenye misuli na ini, akiba iitwayo glikojeni, na kila gramu yake hushikilia takriban gramu 3 za maji. Chumvi nayo huyazuia maji yasitoke haraka. Ongeza na chakula chenyewe ambacho bado kiko njiani tumboni. Hata zoezi zito huvuta maji kwenye misuli iliyochoka, kwa hiyo unaweza kufanya kila kitu sawasawa na mizani ikakupandishia.

Jumapili moja nilifanya kituko. Nilijipima, nikanywa lita moja ya maji, nikajipima tena. Kilo moja imeongezeka, kama inavyotakiwa, maana lita ya maji ni kilo. Nikacheka mwenyewe. Kwa kilo ya namna hiyo nilichechemea wiki tatu.

Mizani basi nimeirudisha, ila nimeipunguzia cheo. Najipima asubuhi, baada ya msalani, kabla ya kula wala kunywa, nguo nyepesi zilezile, na mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu, kwa sababu juu ya zulia inadanganya. Naandika bila kuhukumu. Mwisho wa wiki najumlisha namba nilizo nazo, nagawanya kwa siku nilizojipima, na huo wastani ndio ninaouangalia. Siku moja haina kauli nyumbani kwangu. Nimejiwekea pia uwanja: wastani ukiwa kati ya 64 na 66.5, niko nyumbani. Ukivuka wiki mbili mfululizo, ndipo naanza kuuliza maswali, na maswali yenyewe ni ya kawaida mno: nalala saa ngapi, nimeanza tena kuchovya chovya, natembea kiasi gani. Sijinyimi mlo. Narekebisha kitu kimoja, nasubiri wiki mbili tena. Zile kilo zilizorudi ziliondoka hivyohivyo, kimyakimya, kwa miezi minne.

Wanawake wenzangu wataelewa kwamba kuna wiki moja ya mwezi ambayo wastani nao hauaminiki. Maji hujaa mwilini kabla ya hedhi, nami naweza kupanda kilo nzima bila kosa. Nilipoanza kulinganisha wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, badala ya wiki iliyotangulia, nusu ya hofu zangu ziliisha.

Nchini Marekani kuna daftari maalumu la watafiti, lililoanzishwa mwaka 1994, la watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kuzishikilia kwa mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao hujipima angalau mara moja kwa wiki, na wengi hufanya mazoezi ya karibu saa moja kwa siku. Hilo halithibitishi kwamba mizani ndiyo iliyowasaidia; huenda watu makini ndio wanaopenda kujipima. Lakini baada ya miezi yangu mitatu ya giza, mimi nimejiunga na upande wao.

Sawa, mizani inanilindia uzito. Ila haiwezi kuniambia kama ninaimarika, na nilipoacha kuidai jibu hilo ndipo mambo yalipoanza kunoga.

Jibu la kwanza lilitoka kwenye futi ya fundi cherehani. Wakati uzito wangu umetulia kwenye 65, nilijipima kiuno, nikapata sentimita 81. Nilianza kunyanyua vyuma siku mbili kwa wiki. Miezi mitano baadaye mizani ilikuwa bado inasema 65, lakini kiuno kilikuwa 77, nyonga zilezile, na paja limeongezeka sentimita moja. Nilirudia kupima mara tatu nikidhani futi imekunjika. Haikukunjika. Mafuta yalikuwa yametoka, misuli imeingia, kilo kwa kilo, na mizani haina macho ya kuona badilishano hilo. Lita moja ya misuli ina uzito wa kilo 1.06 hivi, lita ya mafuta ni kama kilo 0.9. Uzito uleule hukaa mahali padogo zaidi.

Kile kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, BMI, nacho hakikuona kitu. Kilikuwa 23.9 kabla na 23.9 baada. Niliposoma asili yake sikushangaa. Fomula yake ilibuniwa katika miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji aliyekuwa akitafuta sura ya mtu wa wastani katika jamii, wala hakuwa akimchunguza mgonjwa mmojammoja. Jina la BMI lilipata umaarufu baada ya Ancel Keys na wenzake kulitumia mwaka 1972. Kwa kuangalia umati ni chombo kizuri, na kinakuonyesha kwa jumla uko upande gani. Mimi nakikokotoa labda mara moja kwa mwaka.

Kupima kiuno kuna ufundi wake, na mimi nilijidanganya kwa wiki kadhaa kabla ya kuujua. Nilikuwa navuta tumbo ndani. (Nani alikuwa ananitazama? Hakuna.) Futi inapita katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, sambamba na sakafu, ikigusa ngozi bila kuibana, na unasoma mwisho wa kutoa pumzi kwa kawaida. Mara moja kwa mwezi inatosha. Kanuni rahisi ninayoishikilia ni kwamba kiuno kisifike nusu ya urefu. Kwangu hiyo ni sentimita 82.5. Shirika la Afya Duniani huweka alama ya tahadhari kwenye sentimita 80 kwa wanawake na 94 kwa wanaume, kwa hiyo hata pale nilipokuwa na uzito mzuri wa kilo 65, kiuno changu cha 81 kilikuwa bado na la kusema.

Jibu la pili limo ndani ya daftari, daftari la kawaida la mistari lenye kona zilizochakaa kwa jasho. Humo naandika zoezi, uzito wa chuma, mara ngapi, na kitu kimoja zaidi ambacho watu wengi hawaandiki: ningeweza kuongeza mara ngapi kabla ya kushindwa. Chuchumaa kumi nikiwa nimebakiza nguvu za mara tano si sawa na chuchumaa kumi nikiwa natetemeka. Namba hiyo ya akiba hubadilika kabla namba nyingine hazijabadilika, na ndiyo inayonijulisha kwamba wiki ijayo naweza kuongeza uzito.

Pushapu nilianzia ukutani, nikaja mezani, kisha sakafuni magoti yakiwa chini. Ile wiki niliyofanya ya kwanza kamili, magoti juu, mizani ilisoma 65.4, na ningekuwa bado yule mtu wa zamani ningehuzunika siku hiyo. Wiki za mwanzo nilipanda haraka mno, nikadhani nimejaliwa. Kumbe mwanzoni ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamrisha misuli ambayo tayari unayo. Misuli yenyewe hukua polepole baadaye. Ndiyo maana mwezi wa tatu karibu kila mtu huona amekwama. Hapo daftari lilinibeba, kwa sababu ukifungua kurasa za nyuma unaona kile unachokiita kukwama ni kiwango ambacho miezi miwili iliyopita ungekililia.

Siku ambazo sina vyuma nina kipimo cha kiti. Kaa, kunja mikono kifuani, simama na kukaa kadiri uwezavyo kwa sekunde 30, hesabu. Wataalamu hukitumia zaidi kwa wazee, lakini miguu haiulizi umri. Nilianza na 14. Mara ya mwisho nilipata 22.

Pumzi ndiyo iliyonishangaza zaidi. Ofisi yetu iko ghorofa ya nane. Siku za mwanzo nilipopanda kwa ngazi pamoja na mwenzangu wa dawati la jirani, alikuwa ananisimulia habari ndefu nami najibu "mmh" tu, si kwa adabu bali kwa sababu neno la silabi mbili lilikuwa linanigharimu. Sikujua kwamba kumbe huo ni upimaji halali. Ukiweza kuzungumza lakini usiweze kuimba, uko kwenye mazoezi ya wastani. Ukishindwa kutoa zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, uko kwenye mazoezi makali. Hakuna betri, hakuna programu. Ghorofa zilezile, hadithi ya mtu yuleyule, na unajua umefika wapi kwa idadi ya "mmh".

Mapigo ya moyo nayahesabu asubuhi kabla ya kuinuka kitandani: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, sekunde 30, mara mbili. Kwa mtu mzima mapigo 60 hadi 100 kwa dakika akiwa ametulia huhesabiwa kuwa ya kawaida, na waliozoea mazoezi huwa chini zaidi. Yangu yalikuwa 78. Mwaka mmoja baadaye 64. Moyo uliopata nguvu husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauna haja ya kupiga mara nyingi. Kinachonifurahisha ni kwamba kipimo hiki pia hunionya. Wiki moja kilipanda hadi 74 bila sababu, nikapuuza, nikaenda kukimbia. Siku mbili baadaye nilikuwa kitandani na homa. Sasa kikipanda hivyo napumzika. Baada ya mazoezi nahesabu pia kasi ya kushuka: nasimama, nasubiri dakika moja, natazama yamepungua mangapi. Nilianza na kushuka mapigo 18, sasa ni 30 na kidogo kwa juhudi ileile.

Kuhusu vifaa vya mkononi sitasema mengi. Nilizawadiwa saa ya kuhesabu hatua, nikaitumikia kama mwajiri. Usiku ulinikuta nikizunguka sebuleni ili nifikishe hatua 10,000, namba ambayo mizizi yake haiko maabara. Ilianza kupendwa kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilibeba maana ya hatua elfu kumi. Kutembea ni kuzuri, namba si takatifu. Ubaya ulikuwa upande wa kalori. Saa ilikuwa inaniambia nimeunguza 600, nami nakula 600 kujilipa, na wastani wangu wa wiki ukaanza kupanda tena. Saa hizi husoma mapigo ya moyo vizuri kiasi, lakini makadirio yao ya kalori ni dhaifu. Nimeizima sehemu hiyo. Vilevile mizani zinazotoa asilimia ya mafuta: hupitisha mkondo mdogo wa umeme miguuni na kukisia kutokana na maji yaliyomo mwilini. Niliwahi kupata asilimia 31 asubuhi na 28 jioni ya siku hiyohiyo. Ningependa sana kuamini ile ya jioni.

Picha ziliniumiza badala ya kunisaidia, nikaziacha. Nguo nimebakiza moja, suruali isiyovutika, naivaa kila mwanzo wa mwezi. Ile ile iliyokataa kifungo.

Kuna wakati nilikuwa napima vitu 14. Nilikuwa na jedwali la rangi, na Jumapili jioni yangu yote ilikuwa ya jedwali. Mume wangu aliniuliza kwa upole kama ninafanya mazoezi au ninafanya ukaguzi wa hesabu. Nikapunguza. Nimebaki na wastani wa wiki, kiuno, daftari na mapigo ya asubuhi. Juu yake nahesabu kitu ambacho si matokeo bali ni kazi yenyewe: dakika. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Matokeo siwezi kuyaamuru, dakika naweza. Wiki ambayo kila kipimo kimenuna lakini dakika zimetimia, nalala vizuri.

Mdogo wangu hatumii hata kimoja kati ya hivi vinavyohusu uzito. Aliwahi kufika mahali ambapo namba ya asubuhi ndiyo iliyoamua kama atakula siku hiyo, na ilimchukua muda mrefu pamoja na wataalamu kutoka huko. Nilipomwonyesha jedwali langu la rangi alilitazama kidogo akasema, "Dada, hilo mimi lingenila." Yeye huandika tu kama amelala vizuri na kama amefurahia mazoezi. Anaimarika, na mimi simwambii kitu. Na upande wa pili, uzito ukishuka wenyewe bila wewe kutaka, tuseme zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 hadi 12, hilo si ushindi wa kuandika kwenye daftari, ni safari ya kwa daktari.

Wiki iliyopita lifti iliharibika. Nilipanda na yule mwenzangu wa dawati la jirani, na nilikuwa na kisa kirefu cha fundi wa bomba aliyetukimbia na funguo zetu. Tulipofika ghorofa ya sita nikagundua ninazungumza peke yangu. Yeye amebaki na "mmh". Nilimsubiri kwenye kona ya ngazi, tukapanda taratibu. Jioni nikaandika kwenye daftari, chini ya chuchumaa: ghorofa ya 8, kisa kimeisha, fundi hajarudi.